Tyubu ni ya kufungia mizigo, sio watoto

Idd pili nimempeleka mpwa wangu viwanjani, kuna katreni pale kanapanda na kushuka, kichwa wamekichonga joka, rangi mbichi yaani bado inanukia, taa za kila aina, spika inatikisa kifua. Nimeshalipa tiketi mbili, namkalisha mtoto, naona lile bomba la kuzuia mapajani limefungwa na mpira wa tyubu. Tyubu ile ile ya kufungia kreti za soda kwenye boda! Namuuliza kijana wa pale, ananijibu, "Braza usijali, hiyo haiachii, halafu tumepaka rangi mpya juzi tu."

Rangi.

Mimi kazi yangu ni kuchora mashine, na ugonjwa huu wa rangi kwanza chuma baadaye naujua vizuri, na msidhani ni wa kwetu peke yetu, hata wakubwa unawapata. Disney walifungua Expedition Everest kule Florida mwaka 2006, mlima wa bandia una treni, na ndani kuna dubwana la manyoya linaitwa Yeti, mita 7 na ushee, linasukumwa na haidroliki, likurushie mkono unapopita. Muda si mrefu likagoma. Sasa lile sio la kufungua nati mbili ulitoe nje, liko tumboni mwa mlima, mlima wenyewe umeshajengwa ukaisha. Wakafanyaje? Wakaliwashia taa za kumemeta ili macho yako yadhani linacheza, mashabiki wakalibatiza Disco Yeti. Joe Rohde aliyeongoza ubunifu aliahidi 2013 kwamba atalirekebisha, akastaafu 2021 dubwana limesimama vile vile.

Manyoya mazuri lakini, siwanyimi haki yao.

Ila jamani, kabla hujafika kwenye manyoya niambie spana itaingilia wapi. Fundi atasimama wapi saa nane usiku, beringi ikifa itatolewa kwa mlango gani, nani ataona ufa kwenye welding kama umeufunika na mwamba wa plasta? Hayo maswali ni ya siku ya kwanza, mchoraji wa stori na mtu wa mitambo wakae meza moja, sio mmoja amalize ndoto yake halafu mwingine aitwe kutafutia mota nafasi kama mtu anayetafuta siti kwenye daladala ya saa moja jioni.

Maana raha yenyewe inatoka kwenye chuma. Ile ta-ta-ta-ta treni inapopanda mlima watu wanadhani ni ya kuwatisha, kumbe ni kidole cha chuma kinaangukia jino moja baada ya jingine ili cheni ikikatika msirudi kinyumenyume. Magurudumu yanaibana reli juu, pembeni na chini, ndio maana hamruki. Breki nyingi zinabanwa na springi, upepo kazi yake ni kuziachia tu, kwa hiyo umeme ukikata zinabana zenyewe, waulizeni madereva wa semi, upepo ukiisha gari linajifunga. Mtu alikaa akawaza TANESCO bila kuijua!

Na chuma kikikosewa kinaua: Kansas City, huko huko Marekani, walijenga slaidi ya maji inaitwa Verrückt, 2014, mita 51, ya juu kuliko zote duniani wakati ule. 2016 ikaua mtoto wa miaka 10. Hapo utani wangu unaishia.

Najua spea ni ghali na sikukuu ni siku tatu, mwenye katreni naye ana watoto. Sawa. Lakini hela ya joka ilipatikana wapi?

Mpwa wangu alilia mpaka getini, "Anko mbona wenzangu wamepanda," nikamnunulia ubuyu akanyamaza. Hela ya tiketi mbili yule kijana hajanirudishia mpaka leo.