Kulungu, kuvumwani na vichaka vinavyopanda mlima

Mpakani mwa Norwei na Ufini, eneo la Jauristunturi, kuna uzio wa mifugo ambao alama yake inaonekana hata kwenye picha za setilaiti. Upande wa Norwei ardhi imepauka kwa kuvumwani, kile kiumbe kama sifongo kavu kinachotanda juu ya udongo na kuwalisha kulungu wa Aktiki wakati wa baridi. Upande wa Ufini ni kahawia tupu. Picha hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanaimaliza milima ya kaskazini.

Hoja hiyo ina uzito. Kuvumwani hurefuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo kilicholiwa kwa msimu mmoja huchukua miongo kurudi. Kulungu walipoongezeka mno Finnmark, jimbo la kaskazini mwa Norwei, miaka ya 1980, kuvumwani kilipungua vibaya. Sheria ya Norwei ya 2007 ikaweka njia ya kulazimisha mifugo ipunguzwe, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mfugaji kijana, Jovsset Ánte Sara, apunguze kulungu wake kutoka 116 hadi 75, ingawa mahakama mbili za chini zilikuwa zimempa haki.

Lakini turudi kwenye ule uzio, maana haukusimama pale kwa bahati. Mwaka 1852, Ufini ikiwa chini ya Urusi, mpaka ulifungwa kwa mifugo. Familia zilizokuwa zikihama na majira zikakatwa njia. Leo upande wa Norwei wa Jauristunturi hulishwa wakati wa baridi, theluji ikiwa imekifunika kuvumwani na kukikinga na kwato. Upande wa Ufini hulishwa kiangazi, kuvumwani kikiwa kikavu na chepesi kuvunjika kama biskuti. Mnyama ni yuleyule. Majira ndiyo tofauti. Anayehesabu vichwa tu anaiacha nje sababu kubwa kuliko zote.

Na kuna jambo ambalo picha ile haisemi mpaka uingie uwandani. Kiangazi kulungu hula majani: mierebi na mibetula mifupi, mimea ya nchi za baridi, na machipukizi ya miti. Katika milima ya Skandinavia joto limeupandisha mpaka wa miti, yaani mwinuko ambao juu yake miti haioti. Mtafiti Leif Kullman amepima huko Uswidi mahali ambapo umepanda hadi mita 200 hivi tangu 1915. Chini ya miti hiyo vichaka navyo vinaenea. Pale watafiti walipozungushia uzio vipande vya tundra, ile nyika baridi isiyo na miti, ili kulungu wasiingie, vichaka vilirefuka na kusongamana ndani kuliko nje. Mdomo wa kulungu, basi, ni miongoni mwa vitu vichache vinavyopunguza kasi ya badiliko ambalo sisi wanadamu tumelianzisha kwa moshi wetu.

Hili la vichaka si suala la mandhari tu. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Tundra fupi hulala chini ya theluji hiyo majira yote ya baridi, na jua la Aprili likirudi linakuta weupe mtupu. Kichaka kirefu hutokeza matawi meusi juu ya weupe huo. Matawi hunasa joto, theluji huyeyuka mapema, udongo hupata wiki za ziada za kupata joto, na mwaka unaofuata kichaka kinakuwa kirefu zaidi. Huo ndio mzunguko unaonitia hofu. Wapo wanaosema miti ipande tu, inyonye kaboni. Karibu na Abisko, Uswidi, imeonekana kwamba udongo wa msitu wa mibetula una kaboni kidogo kuliko ule wa tundra jirani, kwa hiyo msitu unapopanda unaweza kuachilia zaidi ya unachohifadhi.

Nakubali kwamba kulungu si dawa ya kila mahali. Kuvumwani cheupe nacho hurudisha mwanga, kwa hiyo kukimaliza ni hasara mara mbili. Na pale viwavi wa nondo walipovamia misitu ya mibetula kati ya 2002 na 2009, wakaathiri kilomita za mraba 10,000 hivi, kulungu waliokula machipukizi waliweza kuuchelewesha msitu kurudi. Penye kuvumwani kinachojijenga upya, mifugo ikae mbali kiangazi; penye mierebi inayopanda mlima, mifugo iachwe ijilishe.

Mpango wa namna hiyo unahitaji nafasi ya kuhama, na nafasi ndiyo inayozidi kupungua. Barabara, migodi na mitambo ya upepo inaingia kwenye malisho yaleyale, huku mfugaji akiambiwa apunguze mifugo kwa sababu ardhi imechoka. Jauristunturi uzio ungalipo, na kulungu wa upande wa Ufini bado hawana njia ya kuvuka kwenda kwenye malisho ya ng'ambo.