Chai ya Maziwa Ndani ya Pampu

Leo asubuhi, saa moja kasoro, nimefungua kifuniko cha oili kwenye pampu ya mashine yangu ya kuoshea magari nikakuta chai ya maziwa. Rangi ileile, povu lilelile juu, imekosa tangawizi tu. Nikageuza ndoo nikaikalia, nikaiangalia ile chai, nayo ikaniangalia.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, kwa hiyo sikupiga kelele. Nilivaa kofia vizuri, nikakohoa kidogo kama mwenyekiti wa mtaa anayefungua kikao, nikasema taratibu, "Jamani, hapa kuna mtu kanifanyia uhuni." Kijana wangu wa kazi akaangalia pembeni.

Kijiwe changu kiko Igoma, hapa Mwanza, barabara ya kwenda Kisesa. Ratiba ya maji ya bomba mnaijua, sina haja ya kueleza. Ziwa Victoria liko palepale chini, shuleni tulikaririshwa kilomita za mraba elfu 68 na ushee, hakuna kubwa kama hilo Afrika nzima, na mimi nanunua maji kwa boza. Kuna jirani alinishauri nihamie ufukweni, nitumbukize mpira ziwani nioshe magari bure. Nikamuuliza ile sheria ya kukataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni ameisikia? Na mchanga je? Chembe ya mchanga ikikaa kwenye valvu ya pampu, valvu haifungi, presha inapanda na kushuka, mashine inatetemeka kama mtu mwenye homa. Akasema mimi napenda kukatisha watu tamaa. Haya, tuyaache hayo.

Wiki iliyopita mashine ilianza kudondosha maji kutoka katundu kadogo chini ya pampu. Tone. Tone. Tone. Niliona aibu, mashine ya kusafisha wenzake inajikojolea mbele ya wateja. Haikupita muda kijiwe kikajaa wataalamu. Dereva wa bodaboda akasema ni plagi. Huyu kwake kila kitu ni plagi, hata ndoa ya mdogo wake ilipovunjika tulikuwa tunamsubiri tu atamke. Konda mmoja akasema mashine za China ndivyo zilivyo, huku kashika simu ya China na miguuni ana ndala za China. Mama ntilie wa upande wa pili wa barabara akapaza sauti, "Hiyo inataka kupumzika, baba, inachemka!" Hakuna aliyemjibu. Mtu ana mwiko mkononi, pampu ataijulia wapi?

Akaitwa fundi.

Alikuja na begi la mgongoni lenye zipu iliyokufa, na kijana wa kumbebea bisibisi. Bisibisi moja, watu wawili. Akaniamkia, "Shikamoo, bosi," na hapo ndipo ningeshtuka, maana mtu akikuita bosi kabla hajaiona kazi, ujue bei ameshaipanga. Akavua kofia, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Naomba utulivu."

Redio ikazimwa. Daladala iliyokuwa inasubiri kuoshwa ikazima injini. Fundi akaweka ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha pampu, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Tukasubiri. Mashine ilikuwa haijawashwa, lakini nani athubutu kusema? Alisikiliza karibu dakika nzima, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Namsikia," akasema.

"Unamsikia nani, fundi?"

"Mgonjwa."

Kisha akakinga tone kwa kidole, akalilamba. Akatulia. "Maji," akasema. Kijana wake akaitikia kutoka nyuma, "Maji." Nasema kweli, hata mimi nilivutwa. Nimeishi Mwanza miaka yote hii nikinywa maji ya kila rangi, sijawahi kuona mtu akiyaonja kwa heshima kiasi kile.

Akaagiza iwashwe. Ikanguruma, tone, tone. Akalala chali chini ya mashine na tochi ya simu, akakaa huko mpaka nikadhani kasinzia. Alipotoka alikuwa na uso wa daktari anayetafuta ndugu wa karibu.

"Bosi, tatizo nimelipata. Una tundu."

"Tundu?"

"Tundu. Kiwandani walisahau kuliziba."

Nikamwambia mashine hii nina mwaka wa tatu nayo, tundu lilikuwepo siku zote na lilikuwa kavu.

"Ndiyo ujue wamesahau kwa muda mrefu."

Mtu akikujibu hivyo huna la kuongeza. Akatoa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili, nyeusi na nyeupe, akaikanda kwenye kipande cha boksi taratibu kama anamsongea mtoto mchanga ugali. Akaziba. Akalainisha kwa kidole kilekile alicholambia. Tukakaa dakika 20 tukiitazama ikauke, watu wazima na akili zetu. Mashine ikawashwa, chini kukawa kavu kabisa! Wakapiga makofi. Konda akapiga picha. Nikatoa elfu 30 na soda mbili, maana kijana wa bisibisi naye alikuwa kachoka.

Siku nne nilitembea kifua mbele. Leo ndiyo nimeikuta pampu imekunywa chai.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayetengeneza injini za mitumbwi kule mwaloni Kirumba, alikuwa kaja kuosha pikipiki. Alichungulia ile chai, hakusema neno. Akaomba msumari, akalala chini, akachokoa gundi. Maji yakatoka kwa kishindo, mengine meupe.

"Hili tundu umeziba wewe?"

"Fundi."

"Na ukamlipa." Halikuwa swali.

Ndipo akanieleza, kwa upole ule unaouma. Mle ndani kuna planja tatu, yaani fimbo za kauri za kusukuma maji, zinazokwenda mbele na kurudi nyuma. Mbele zimevishwa sili, ule mpira wa duara, ya kuzuia maji, nyuma sili ya kuzuia oili, na katikati ya hizo mbili wameacha tundu makusudi. Sili ya maji ikichakaa, maji yatokee pale, mwenye mali aone mapema, abadilishe. "Sasa wewe umeziba. Maji ulitaka yaende wapi, Ukerewe? Yamerudi nyuma, yameipita sili ya oili, yameingia kwenye oili, ndiyo hiyo chai yako."

Akamgeukia kijana wangu. "Ukiachia bunduki ya kurushia maji ukapiga soga na wateja, injini unazima?"

Kijana akaangalia pembeni tena. Nadhani sasa pembeni anapafahamu kuliko kijiwe chenyewe.

"Huzimi. Basi maji yaleyale yanazunguka ndani ya pampu, hayana pa kutokea. Dakika chache tu yanapata moto, sili zinaungua. Hii mashine ilikuwa inachemka."

Inachemka! Upande wa pili wa barabara nikasikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria, kwa nguvu ambayo wali hauhitaji.

Nikapanda daladala kwenda mjini kutafuta sili. Muuza spea hakuinua macho kwenye simu. "Sampuli?" Nikatoa ile iliyochanika. Akaipima kwa kipimo, akasema zipo, ila zinauzwa kwa seti, tatu za maji, tatu za oili na oringi zake. Nikamwambia kwa heshima kabisa kwamba mimi aliyenifia ni mmoja, kwa nini nizike sita? Akasema zilizobaki zina umri uleule wa marehemu. Nikalipa. Na oili mpya nikalipa, tena ya kutosha mara mbili, maana mzee kasema ukimwaga ile chai haiishi yote. Unatia oili, unaendesha kidogo, unamwaga, unatia tena, mpaka itoke safi.

Jamani, mimi nimechoka. Sisemi kwa utani. Sili yenyewe unaibana kwa vidole viwili, ni ya kubadilisha kwa saa moja, na ningeibadilisha siku ile ya tone la kwanza ningekuwa nimemaliza. Sasa naosha Noah kwa ndoo na dekio, mgongo unalia, na mwenye gari anadai apunguziwe kwa sababu "hakuna presha". Presha ninayo mimi! Boza linadai. Mwenye kiwanja anadai. Kijana anataka posho ya siku, ya kuangalia pembeni. Na fundi simu yake haipatikani, ila jana kanipita hapa juu ya bodaboda, kapunga mkono, "Vipi, jirani!" Siku nne tu, kutoka bosi hadi jirani.

Nikavuka barabara nikatulize moyo kwa mama ntilie. Nikakaa kwenye benchi, nikangoja anisimange. Wapi. Akafuta meza polepole, akaniuliza kwa sauti laini, "Baba, leo chai ya maziwa au ya rangi?"

Watu wawili wakapaliwa.

"Ya rangi," nikasema. "Na chapati mbili." Akaleta. Na hizi chapati siku hizi, hebu mtu aniambie, zamani chapati moja ulikuwa unaikunja mara nne ndipo ienee kwenye sahani. Hii nimeinyanyua kwenye mwanga nikaiona barabara yote ya Kisesa, mpaka bodaboda zinavyopishana. Nikamuuliza, mama, hii umeisukuma au umeipiga pasi? Akasema unga umepanda. Umepanda lini? Jumatatu nilikula hapa hapa…