Matairi ya Aqua kwa Malindi: uliza mvua kwanza, mafuta baadaye

Magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme pamoja, yamekuwa ya kawaida hapa Malindi. Toyota Aqua zinabeba abiria wa Watamu na Kilifi, Fielder za haibridi zinakwenda Gongoni na Marereni kila siku, na wengi tulizinunua kwa sababu moja tu, mafuta. Kwa hiyo matairi yaliyokuja na gari yakiisha, swali la kwanza dukani huwa ni lile lile: lipi linabana mafuta? Naona tunalitanguliza swali hilo kuliko linavyostahili. Mimi ningeuliza kwanza kama tairi litashika lami mvua ikinyesha, kisha lina umri gani. Mafuta yanakuja nambari tatu.

Lakini wacha nianze nayo, maana ndiyo yanayouziwa watu kwa maneno matamu.

Tairi likizunguka, mpira unabonyea pale unapogusa lami kisha unarudia umbo lake. Kila ukibonyea unakula nguvu kidogo na kuigeuza joto, ndiyo maana ukishika tairi baada ya safari unalikuta la moto. Tairi la kubana mafuta limetengenezwa kwa mpira usiopoteza nguvu nyingi hapo. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2006 ilisema ukipunguza ugumu huo wa kuviringika kwa asilimia 10, mafuta yanapungua kwa asilimia 1 hadi 2. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko vile wauzaji wanavyoitangaza.

Tupige hesabu ya hapa nyumbani. Chukua Aqua inayokwenda kilomita 20 kwa lita moja, na matairi yanayodumu kilomita 40,000. Hadi yaishe, gari litakuwa limetumia lita 2,000. Tairi zuri likiwa jepesi kuviringika kwa asilimia 20 kuliko la kawaida, utaokoa asilimia 2 hadi 4, yaani lita 40 hadi 80 kwa matairi yote manne. Shika katikati, lita 60. Ukigawa kwa nne, kila tairi linakuokolea lita 15 maisha yake yote. Sasa angalia bei ya petroli ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inatangaza kila mwezi, zidisha mara 15, na hapo ndipo mwisho wa nyongeza unayofaa kulipa kwa ajili ya jina la kubana mafuta. Muuzaji akitaka zaidi ya hapo juu ya bei ya tairi la kawaida, pesa hiyo hairudi. Hata dereva wa teksi anayekwenda Mombasa na kurudi kila siku hesabu yake ni hiyo hiyo, kwa sababu matairi yake yanaisha mapema vile vile.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu anabadilisha matairi, anaweka mapya, kisha skrini ya dashibodi inamwonyesha kwamba gari linakula mafuta zaidi. Analaumu tairi jipya. Kumbe tairi kipara ni jepesi kuviringika kwa sababu mpira wa kubonyea umepungua. Tena limepungua kimo. Tairi la 175/65R15, saizi ya Aqua nyingi, likiisha milimita 6 za mpira, duara lake linapungua kama asilimia 2, na gari linahesabu kilomita nyingi kuliko zile lilizokwenda kweli. Kwa hiyo zile namba nzuri za tairi kuukuu zilikuwa zimeongezewa. Yape matairi mapya muda kabla ya kuyahukumu.

Sasa mvua. Mwezi wa tano masika ikiwa imekolea, barabara ya kutoka hapa kwenda Kilifi inakuwa ya kuogopwa. Maji yanasimama pembeni ya lami, malori yanarusha matope, na bodaboda inaweza kukutokea njia panda ya Gede bila taarifa. Hapo ndipo tairi linapopimwa. Matairi yanayouzwa Ulaya yana lebo yenye herufi za mafuta na herufi za mshiko kwenye lami yenye maji, kuanzia A, iliyo bora, hadi E tangu mwaka 2021. Kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tofauti kati ya herufi ya juu na ya chini kabisa inaweza kufika mita 18 za kusimama. Mita 18 ni urefu wa matatu tatu zikiwa zimepangwa foleni. Kati ya kuokoa lita 15 kwa kila tairi na kusimama mita hizo mapema, sioni cha kufikiria mara mbili.

Wajapani nao wana lebo yao tangu 2010: AAA, AA, A, B, C kwa wepesi wa kuviringika, na a hadi d kwa mshiko wa mvua. Utakuta tairi lenye AAA upande wa mafuta na c upande wa mvua. Tairi la namna hiyo ndilo litakalosifiwa dukani, na ndilo mimi nisingelichukua. AA yenye b, au hata A yenye b, inatufaa zaidi sisi wa pwani. Lebo hubandikwa kwenye mpira wa kukanyagia, kwa hiyo mwambie muuzaji akuletee tairi kabla halijafutwa wala kufungwa, uisome mwenyewe.

Umri unausoma ubavuni. Tafuta herufi DOT, ufuate maandishi hadi mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo mwombe fundi aligeuze. Usione haya kuinama na kupitisha kidole gumba. Jua letu na hewa ya chumvi vinakausha mpira, na gari la kutumika mjini tu linaweza kuwa na tairi lenye mistari ya kina kirefu lakini ubavu umejaa nyufa nyembamba kama nywele. Tairi lililoanikwa mbele ya duka miaka mitatu limeshazeeka kabla hujalilipia.

Ndiyo maana siwashauri watu wachukue matairi ya mitumba, hata yakiitwa ya Japani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo, na yale unayoyaona vibandani hujui yamepitia nini. Chunguza hata yaliyokuja na gari lako. Magari ya mikoa ya kaskazini ya Japani huvaa matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni, mpira wake laini, umekatwa vijistari vingi vidogo. Kwa joto la Malindi yanaisha haraka na hayasimami vizuri. Ukiyakuta, yatoe hata kama yanang'aa.

Saizi isikusumbue sana: fuata iliyoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa dereva. Najua wengi wanaweka 185/65 ili gari lisiguse mawe ya matumbawe kwenye njia za ndani. Tairi hilo linainua gari kwa milimita 6 na nusu tu, huku likiwa pana na zito zaidi, na mafuta uliyokuwa unayatafuta yanapotea hapo hapo. Angalia pia namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni, isishuke. 84 maana yake kila tairi linabeba kilo 500.

Kwa bei, nasimama katikati. Si lazima jina kubwa. Yapo matairi mapya ya kutoka Asia yenye lebo nzuri ya mvua na bei ya kuvumilika. Ukiwa na pesa ya mawili tu, nunua mawili mazuri kuliko manne ya ovyo, na uyaweke nyuma, maana gari likiteleza nyuma kwenye maji ni vigumu kulirudisha.

Kisha upepo. Hapa ndipo mwenye haibridi anapopoteza mafuta bila kujua, na dawa yake haina gharama. Ile karatasi ya mlangoni ya gari la Japani inaandika kitu kama 230 (2.3). Hiyo 230 ni kilopaskali, sawa na kama 33 kwa geji za pampu zetu. Usimwachie kijana wa petroli akisie, mtajie namba. Pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa sababu likishatembea juani upepo unapanda, na ukiupunguza wakati huo kesho yake utaukuta chini. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea zaidi, linakula mafuta, na linaisha kingo zote mbili. Mtu anaweza kununua tairi la AAA, akalitembeza na 25, akapoteza faida yote aliyoilipia.

La mwisho ni spea. Aqua nyingi zilikuja na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo badala ya tairi la akiba. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari, lakini ubavu uliochanwa na jiwe hauzibiki. Ukitoka Malindi kwenda Garsen na Witu hadi Mokowe, kuna vipande virefu ambako hutampata fundi wa pancha. Unaponunua yale manne, bakisha pesa ya rimu na tairi la tano, hata likiwa la bei ya chini kuliko mengine, mradi liwe jipya na la saizi moja nayo.