Khanga iliyochakaa bado ina kazi

Huku Marekani ninakoishi, mtu huenda dukani akanunua vitambaa vipya, akavikata vipande vidogo, kisha akakaa miezi akiviunga tena mpaka apate mfarishi wa kujifunika. Nyumbani Tanzania vipande kama hivyo vimetapakaa sakafuni kwa kila fundi cherehani, jioni vinafagiliwa na kuchomwa. Roho inaniuma nikivifikiria.

Naamini kinachotukwaza ni aibu. Kiraka kwetu kinasema umekosa. Mtoto mwenye kiraka kwenye kaptura huchekwa shuleni, na mama anayejua kuunga vipande vikapendeza hutandika kazi yake chumba cha ndani, wageni wasiione. Lakini hata huku jambo hili wengi walilianza kwa kukosa. Wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, vizazi vya watumwa, walikata nguo za shamba zilizochakaa wakashona mifarishi ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta. Katika baadhi yake unaona kabisa mahali mfuko wa suruali ulipobanduliwa: pembeni pamepauka kwa jua, pale palipofunikwa bluu ingali imekolea. Hakuna aliyejaribu kuificha alama hiyo, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Na sisi kuunga tumekujua zamani. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga leso sita, safu mbili za tatu tatu, wakapata nguo moja pana, na khanga ikaanzia hapo. Sasa tunaionea haya kazi iliyotupa vazi letu?

Khanga kuukuu ni kitambaa kizuri mno kwa kazi hii. Ni pamba, imefuliwa mpaka imelainika, na ilishasinyaa kadiri ya kusinyaa kwake. Kitenge kipya kifue kwanza, kisije kikachuja rangi juu ya vipande vyeupe. Acha robo inchi ya mshono kila upande, weka pamba katikati na bitana chini, halafu pitisha uzi kwenye tabaka zote tatu. Jina la khanga usilikate. Liache zima, liwe katikati, watu walisome.

Huku kuna vifaa vya kila namna, hilo nakubali, na pamba ya katikati inauzwa ikiwa imeshapangwa vizuri. Cherehani za zamani za Singer za kukanyaga kwa miguu hutafutwa sana, ila nyingi huishia sebuleni zikibeba vyungu vya maua. Nyumbani cherehani hiyohiyo bado inamlisha mtu na wanawe. Kwangu mimi hapo nyumbani kumeshinda, tena kwa mbali.

Nikishona huku nashona peke yangu, madirisha yamefungwa. Kule mkeka mmoja unatosha shangazi, binamu na jirani; huyu anakata, yule anatunga uzi, mwingine anashika khanga iliyochanika na kueleza ilinunuliwa harusi ya nani na jina lake lilimlenga nani. Mazungumzo hayo siwezi kuyanunua huku kwa bei yoyote. Shangazi zangu, likizo ijayo naomba mniwekee zilizochanika, na mkae nami tuzikate pamoja.