Kifua kikibana Tukuyu: dawa au safari ya Dar?

Mzee mmoja wa Tukuyu, mkulima wa ndizi, alianza kusimama mara tatu kila akipanda kilima cha kutoka shambani. Kifua kinabana, akipumzika kinaachia. Miezi miwili alitibiwa vidonda vya tumbo. Alipofika Mbeya mjini ndipo daktari alipomwambia kwamba huenda mishipa inayoulisha moyo imeanza kuziba, aende Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapigwe picha ya mishipa na pengine awekewe stenti, kibomba cha waya kinachoushikilia mshipa uwe wazi. Ukoo ukafungua kundi la WhatsApp, na ng'ombe wawili wakatajwa. Wauzwe, au mzee ameze dawa nyumbani?

Wanaotetea dawa wana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha wagonjwa 5,179 wa nchi 37 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Nusu walianzishiwa dawa peke yake. Nusu walipewa dawa na kupelekwa kwenye uchunguzi wa mishipa, wengi wao wakazibuliwa au wakafanyiwa upasuaji. Baada ya miaka mitatu na ushei, vifo havikutofautiana. COURAGE, mwaka 2007, ulikuwa umeonyesha hayohayo. Inaeleweka: stenti hufungua pale ilipowekwa tu, ilhali mafuta yameganda kwenye mishipa mingi, na mshtuko wa moyo mara nyingi huanzia kwenye ganda dogo linalopasuka ghafla. Statini, vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu, hufanya kazi kwenye mishipa yote.

Lakini kuna maumivu. Mwaka 2017 utafiti wa ORBITA, wa wagonjwa 200, uliwawekea baadhi yao stenti na wengine ukawafanyia utaratibu wa kuigiza tu, na tofauti ikaonekana ndogo mno. Wengi wakasema basi, stenti ni kiini macho. ORBITA-2 ya 2023, iliyofanywa kwa watu 301 waliosimamishiwa dawa za maumivu ya kifua, ikaonyesha kwamba nafuu ipo kweli. Kwa mtu wa Tukuyu, ambako hata kuchota maji ni kupanda na kushuka, nafuu hiyo si anasa.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi neno "dawa tu" linavyorahisishwa. Wengi kwenye ISCHEMIA walipigwa kwanza picha ya CT, na waliokutwa na mshipa mkuu wa kushoto umeziba waliondolewa. Waliobaki kwenye dawa walifuatiliwa kwa karibu, na hata hivyo kama mmoja kati ya watano aliishia kuzibuliwa ndani ya miaka minne. Mzee anayeacha statini kwa sababu duka la karibu limeishiwa hayumo kwenye hesabu ile. Ndiyo maana mimi ningeuza ng'ombe mmoja, kwa ajili ya picha. Wa pili angesubiri majibu, na ikibidi angegeuka vidonge vya mwaka mzima.

Mshtuko wenyewe ni habari nyingine. Hapo stenti huokoa maisha, ila miongozo inataka mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 120 tangu ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ionyeshe tatizo, na Dar iko zaidi ya kilomita 800; hata kwa ndege ya Songwe, uwanja wa Mbeya, muda huo umekwisha. Wapo wanaosema jibu ni Cathlab, mtambo wa kupiga picha na kuzibua mishipa ya moyo, kila kanda, na siwabishii. Ila mgonjwa wa Makete au Kyela bado ana barabara ya kumaliza kabla hajaufikia. Mwaka 1988 utafiti wa ISIS-2, wa wagonjwa 17,187, ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa asilimia 23, na ikiunganishwa na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, asilimia 42. Aspirini ni ya bei ya pipi. Streptokinasi inahitaji mtu wa zamu anayeweza kuisoma ECG saa nane za usiku.

Kwenye kundi la ukoo hatukufika huko. Tulibishana bei ya ng'ombe hadi usiku.