Ruzuku ya kupanga chuo cha Weusi Marekani: bila chuo mama itaishia kabrasha

Mji wa Marekani unapotangaza kwamba unaomba ruzuku ya kupanga chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi, watu wanaoijua elimu ya juu ya nchi ile huuliza kwanza: ni chuo kipya, au ni tawi la chuo kilichopo? Swali linasikika la kiofisi, lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama fedha hizo zitazaa chuo au kabrasha la kupamba rafu ya meya.

Sababu iko katika Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965. Kwa sheria hiyo, chuo cha kihistoria cha Weusi ni kile kilichoanzishwa kabla ya mwaka 1964, ambacho shabaha yake kuu tangu zamani ni kuwasomesha Wamarekani Weusi, na ambacho kina ithibati au kiko njiani kuipata. Chuo kitakachozinduliwa leo, hata kikiwa na wanafunzi na wahadhiri Weusi watupu, hakiwezi kuingia katika orodha hiyo ya vyuo mia moja hivi, wala hakitagusa fungu la serikali kuu lililotengwa kwa ajili yao. Wanasiasa wengi hulijua hilo wakiwa wameshapiga picha na bango.

Zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni kukaribisha chuo cha kihistoria kilichopo kifungue tawi mjini. Ithibati inakuwa ya chuo mama, na wanafunzi wanahesabiwa wake. Msomaji wa Tanzania ataielewa mara moja: mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki Chang'ombe na Mkwawa kwa kutumia majengo ya chuo cha ualimu na ya sekondari yaliyokuwepo, na shahada zikawa za Mlimani. Njia ya pili ni kufufua chuo kilichokufa. Detroit ilifanya hivyo. Lewis College of Business, kilichoanzishwa mwaka 1928, kilifungwa mwaka 2013, kisha kikafunguliwa upya mwaka 2022 kikiwa chuo cha usanifu, baada ya bunge la Michigan kupitisha sheria na College for Creative Studies kukubali kukilea. Njia ya tatu ni chuo kipya kabisa kinachotafuta kutambuliwa kama taasisi yenye Weusi wengi. Hilo ni kundi jingine la kisheria, na masharti yake ni pamoja na kuwa na angalau wanafunzi 1,000 wa shahada za awali, asilimia 40 yao wakiwa Weusi. Chuo kichanga chenye wanafunzi 250 kitakaa nje ya makundi yote mawili kwa miaka mingi.

Wanaotetea ruzuku wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Vyuo vya kihistoria vya Weusi huandikisha takriban asilimia 9 tu ya wanafunzi Weusi wa Marekani, lakini hutoa kama asilimia 13 ya shahada za kwanza wanazopata Weusi. Vilevile vimejazana kusini. New England yote, yaani majimbo sita ya kaskazini-mashariki, haina hata kimoja, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Juni 1831 mkutano wa Weusi huru uliokaa Philadelphia uliunga mkono mpango wa kujenga chuo New Haven, Connecticut, kwa mtaji wa dola 20,000, kikiwa na wadhamini saba, Weusi wanne na Wazungu watatu. Septemba 10 mwaka huohuo meya Dennis Kimberly aliitisha mkutano wa wenye mji. Kura zilikuwa 700 hivi za kukataa, na 4 za kukubali. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba chuo cha Weusi kingeharibu ustawi wa Yale, chuo kikuu kilichopo mjini humo. Miaka miwili baadaye Connecticut ikatunga sheria ya kuzuia shule kupokea Weusi kutoka majimbo mengine bila idhini ya mji husika. Mji wa namna hiyo ukiomba pesa leo, ni vigumu kumwambia mtu kuwa unaendekeza mtindo wa kisiasa.

Tatizo ni kwamba historia hutoa sababu ya kutaka chuo, haitoi wanafunzi. Wapinzani huanzia hapo, ingawa si hoja zao zote zina uzito sawa.

Wengi hutaja deni ambalo vyuo vya zamani vinadai. Septemba 2023 serikali kuu iliwaandikia magavana 16 kuwaonyesha kwamba vyuo vya Weusi vilivyoanzishwa kwa mpango wa ardhi ya serikali vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30. Kwa nini basi kupanga kipya wakati vya zamani vinavuja mapaa? Naiona hoja hii ina kilema: pesa zile ni za mabunge ya majimbo, na mji usipoomba ruzuku yake ndogo, hakuna senti itakayohamia Tennessee au Florida.

Hoja ya programu zinazojirudia ni kali zaidi. Katika kesi dhidi ya jimbo la Maryland, iliyomalizwa mwaka 2021 kwa makubaliano ya dola milioni 577, kiini cha malalamiko kilikuwa kwamba jimbo liliruhusu vyuo jirani kufungua programu zilezile zilizokuwa zikiwavuta wanafunzi kwenye vyuo vya Weusi. Tawi jipya litakalofundisha biashara na uuguzi umbali wa kilomita mbili kutoka chuo cha serikali chenye ada nafuu litaingia katika shimo hilohilo. Tena watoto wanaozaliwa Marekani wamekuwa wakipungua tangu mwaka 2008, kwa hiyo wenye miaka 18 wanaanza kupungua sasa. New England imeshaonja: chuo cha Mount Ida kilifunga mwaka 2018, Green Mountain mwaka 2019. Katika vyuo vya Weusi vyenyewe, Saint Paul's cha Virginia kilifunga mwaka 2013, na Morris Brown cha Atlanta kilikaa miaka 20 bila ithibati, kuanzia 2002 hadi 2022.

Ithibati ikipotea, msaada wa masomo wa serikali kuu nao unapotea, na wanafunzi wengi wa vyuo hivi wanaishi kwa msaada huo. Piga hesabu ndogo. Kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Tawi lenye wanafunzi 300, wote wakipata kiwango hicho (nao hawatakipata wote), litaingiza dola 2,218,500. Ajiri wahadhiri 20 kwa gharama ya dola 100,000 kila mmoja pamoja na bima, na dola milioni 2 zimekwisha kabla ya kodi ya jengo, maktaba, ofisi ya udahili, na umeme. Pengo linahitaji mfadhili wa kudumu, na ruzuku ya kupanga si mfadhili wa kudumu.

Kazi ya ruzuku ya namna hii ni upembuzi yakinifu, wanasheria, mikutano ya wananchi na mishahara ya maofisa wachache. Kwa kawaida hailipi ujenzi wala wahadhiri. Nyingi hulipwa kwa kurejesha: mji unatumia pesa zake, unapeleka risiti, kisha unasubiri. Mji ukitaka kujazia kutoka ruzuku ya maendeleo ya jamii ya serikali kuu, ukumbuke kwamba mipango na utawala kwa pamoja havitakiwi kuzidi asilimia 20 ya fungu hilo, na ofisi nyingine za mji zinaigombea asilimia hiyohiyo.

Ruzuku hizi zinapoharibika huharibika kwa njia zinazofahamika. Zabuni hupewa mshauri mwelekezi anayeleta ripoti aliyokwisha kuiuza kwingine. Dodoso linamuuliza kijana kama angependa chuo cha Weusi mjini (nani atasema hapana?) badala ya kumuuliza angechagua nini akiwa na nafasi kwenye chuo cha serikali, na familia yake ingeweza kulipa kiasi gani. Madiwani wanalipenda jengo tupu la hospitali ya zamani kabla ya kujua gharama ya kuondoa asbesto. Chuo mama kinatafutwa mwisho, na rais wake anatuma barua tamu ya kutia moyo isiyo na ahadi hata moja. Halafu uchaguzi unakuja. San Francisco ilianza na hatua ndogo: majira ya joto ya 2024 ilileta wanafunzi wa vyuo hivi kwa masomo na mafunzo kazini, ikitumia vyuo vilivyopo. Novemba ya mwaka huo meya London Breed, aliyelibeba wazo hilo, alishindwa uchaguzi.

Kuna pia jambo la lugha ya maombi. Vyuo hivi hupokea watu wa rangi zote, na karibu robo ya wanafunzi wake si Weusi. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2023 iliyokataza kuzingatia rangi katika udahili, andiko linalodokeza kwamba nafasi ni za Weusi peke yao ni kesi inayosubiri kufunguliwa.

Kwa maoni yangu ruzuku iombwe, ila utaratibu uliozoeleka ugeuzwe juu chini. Kwanza kitafutwe chuo mama, na anayesaini iwe bodi yake ya wadhamini, maana ofisi ya mahusiano husaini chochote. Kisha ujulikane uwezo wa wanafunzi kulipa, na programu mbili au tatu ambazo vyuo jirani havina. Zifuate idhini za jimbo na za chombo cha ithibati, ambacho ni lazima kiridhie eneo jipya litakalotoa nusu au zaidi ya programu yoyote ya shahada; hadi hapo tangazo la udahili lisitoke. Jengo liwe la mwisho. Mkataba wa ruzuku ugawanywe kwa awamu, ya kwanza ikomee kwenye sahihi ya wadhamini. Isipopatikana ndani ya miezi sita, awamu ya pili isifunguliwe, na ripoti kwa madiwani iseme waziwazi ni vyuo gani viliulizwa na kila kimoja kilitoa sababu gani ya kukataa.