Beca ya Hispania ina masharti, na boom ya kwetu ina uzuri wake

Wabongo wengi wakifika Hispania na kusikia neno beca, yaani ruzuku ya masomo, huchukulia ni pesa ya bure, tofauti na mkopo wa Bodi kule nyumbani. Si hivyo kabisa. Beca ya jumla ya Wizara ya Elimu haikatwi kwenye mshahara, lakini usipofaulu angalau nusu ya krediti ulizochukua (asilimia 40 kwa sayansi na uhandisi), unadaiwa urudishe pesa yote iliyoingia mfukoni; ada tu ndiyo inasamehewa. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara hata wa aliyeongoza darasa. Kwa mtoto wa maskini anayekaza buti, nauona utaratibu wa Hispania una haki zaidi.

Tatizo ni nani anaruhusiwa kuomba. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi yuko kwenye hadhi ya estancia (kukaa kwa muda), na estancia haihesabiwi kuwa ukaazi, kwa hiyo ombi lake litakataliwa hata kama hana senti. Kwa wageni kama sisi, beca hii ni ya wenye kibali cha residencia (ukaazi), kwa mfano watoto wa Watanzania wanaofanya kazi huko. Ajabu ni kwamba hao ndio hawaambiwi mapema.

Na mapema ni mapema kweli. Dirisha la maombi hufunguliwa Machi na kufungwa Mei, kabla mwanafunzi hajajua chuo kipi kitamchukua. Anayesubiri barua ya chuo, kama tulivyozoea kwetu kusubiri matokeo ya kidato cha sita, amekosa mwaka mzima.

Mwaka wa masomo 2024/25, familia ya kipato cha chini kabisa ilipewa euro 1,700, na anayelazimika kupanga mbali na nyumbani euro 2,500 za makazi juu yake. Hizo 2,500 ndizo zinazopotea sana. Lazima uthibitishe unakaa mbali kwa sababu ya masomo, na wapangishaji wengi wa vyumba hawapendi kuandika mkataba. Risiti ya mkono haitoshi. Wengine hujaza kwamba wanajitegemea ili kipato cha wazazi kisihesabiwe. Hapo wanatakiwa kuonyesha kipato chao wenyewe na mkataba wa nyumba, wakishindwa ombi linaanguka.

Hapa sasa nyumbani tunawashinda. Boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa Bodi, inatoka kwa mafungu ndani ya mwaka wa masomo, hata ikichelewa mwanafunzi anajua fungu lingine linakuja. Beca huweza kuingia miezi kadhaa baada ya masomo kuanza Septemba, wakati mwenye nyumba anataka kodi na amana ya mwezi mmoja siku ya kukabidhi funguo. Familia isiyo na akiba hukopa ili isubiri msaada uliotengenezwa kwa ajili ya wasio na akiba. Wizara ingeiga boom, si aibu.